Siku moja ya miwani na mrija, Tanga na Maziwe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Upepo wa kusi ukishatulia, simu huanza. Mmoja ameshuka stendi ya Kange na basi la usiku, mwingine yumo kwenye meli ya watalii itakayotia nanga asubuhi na kung'oa jioni, na wote wanataka jambo lile lile: waingie baharini na miwani, waone matumbawe na samaki, warudi kabla ya magharibi. Maswali yao yanafanana, ndiyo maana nimeyakusanya. Kama una muda wa kusoma jibu moja tu, soma la bamvua, yaani siku ambazo maji hupwa na kujaa sana. Mengine yote yameegemea hapo.

## Mambo ya msingi

Kuogelea na miwani na mrija ni kitu gani hasa? Lazima nijue kupiga mbizi?

Hapana. Unalala kifudifudi juu ya maji, uso ndani, unapumua kwa mdomo kupitia mrija ambao ncha yake iko juu. Wenyeji wengi husema "kusnokeli", na ukisema hivyo ufukweni unaeleweka. Kupiga mbizi na mtungi wa hewa ni kazi nyingine, ina mafunzo yake na cheti chake. Huku, mtu anayeweza kutulia majini kwa dakika kumi bila kuogopa anatosha. Kama huwezi kabisa kuogelea, nenda kwenye swali la wasiojua kuogelea hapo chini.

Niende Maziwe, au nibaki visiwa vya Tanga mjini?

Inategemea una saa ngapi mkononi. Maziwe iko baharini kusini-mashariki ya Pangani, kama kilomita 8 kutoka ufuko wa Ushongo. Huko maji ni safi, mchanga mweupe, na matumbawe yanaanza karibu na pale unapotia mguu. Kwa siku nzima, nenda Maziwe bila kusita. Lakini kutoka Tanga mjini una kilomita kama 50 za barabara hadi Pangani, halafu uvuke mto kwenda Bweni na kuendelea hadi Ushongo, ama upande chombo pale pale Pangani.

Kwenye maji ya Tanga yenyewe kuna Toten, Yambe na Karange. Toten iko ndani ya ghuba, unaiona ukiwa mjini. Ina magofu ya misikiti na makaburi ya zamani, imezungukwa na mikoko na tope, kwa hiyo ni kisiwa cha kutembea na kusikiliza historia, miwani iache kwenye mkoba. Wanaotaka matumbawe waende Yambe au Karange, upande unaotazama bahari kuu. Upande wa bara maji huwa ya vumbi.

Mtu anayetaka kujimwaga majini tu, bila habari ya samaki, ufuko wa Raskazone hapo mjini unamtosha. Aende maji yakiwa yamejaa.

Maziwe ni kisiwa au ni fungu la mchanga?

Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa walipanda kutaga chini ya kivuli chake. Kilikuwa kati ya mataga makubwa ya kasa katika pwani yetu. Miti ikaisha, mawimbi yakaanza kula mchanga uliokuwa umeshikwa na mizizi, na kufikia miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimebaki fungu. Leo maji yakipwa unaona mgongo mrefu mweupe katikati ya bahari. Yakijaa wakati wa bamvua, huoni kitu.

Wazee wa Pangani waliowahi kulala pale bado wapo. Ukikaa nao jioni watakuonyesha kwa kidole mahali mivinje ilipokuwa, na hapo mahali sasa ni maji matupu. Nakuomba ukumbuke hilo unapokanyaga ule mchanga.

Miezi gani ni mizuri?

Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi. Kati ya kusi kuondoka na kaskazi kushika kuna wiki za matlai ambazo bahari inalala kama mafuta kwenye karai, na unaona chini kwa mita nyingi. Kaskazi, Desemba hadi Machi, kuna upepo, lakini asubuhi huwa shwari.

Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, sishauri. Mbali na mvua, mto Pangani unashuka na udongo kutoka bara na maji ya pwani yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Unaweza kufika salama, ukavaa miwani, usione mkono wako. Juni hadi Septemba kusi huvuma kwa nguvu. Siku nzuri zipo, nahodha ndiye ajuaye.

## Maji kupwa na kujaa

Bamvua na maji mafu vinanihusu nini mimi mgeni?

Vinakuhusu kuliko tiketi yako. Bamvua ni siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapopwa sana na kujaa sana. Hapa Tanga tofauti kati ya kupwa na kujaa inafika mita tatu na nusu au zaidi. Maji mafu ni siku za nusu mwezi, tofauti inakuwa ndogo, mita moja hivi.

Sasa jambo ambalo watu wa bara hawaambiwi. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, na hujaa kabisa mnamo saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Siku za maji mafu ni kinyume: asubuhi saa nne maji yamejaa, jioni saa kumi yamepwa. Kila siku saa hizo zinasogea mbele kwa karibu dakika 50.

Maana yake kwa Maziwe ni hii. Siku ya bamvua ukitoka ufukweni saa moja na nusu, unafika fungu likiwa linachomoza, unakuwa na saa tatu au nne za mchanga mkavu na maji mafupi juu ya matumbawe. Ukichelewa ukatoka saa tano, unafika fungu likizama.

Yalinipata. Niliwachukua jamaa zangu kutoka Morogoro waliokuja kwa harusi, tukaahidiana saa moja na nusu asubuhi, bamvua la mwezi mpevu. Wakatoka nyumbani saa nne kwa sababu pilau lilikuwa halijaiva. Tulipokanyaga Maziwe saa sita na nusu, mchanga ulikuwa umebaki upana wa sebule mbili. Tukatandika mkeka. Kabla sahani hazijamaliza kuzunguka, wimbi la kwanza likalowesha ncha ya mkeka, la pili likabeba kandambili za shangazi. Tukala pilau tumesimama, maji magotini, sufuria limerudishwa chomboni. Watoto hawakuona hata samaki mmoja, kwa sababu mkondo wa maji kujaa ulikuwa umeshakuwa mkali na nahodha alikataa kuwashusha upande wa mwamba. Alikuwa mtu mzima, hakunifokea. Aliniambia tu, "Mwanangu, siku nyingine waambie watu saa ya maji, usiwaambie saa ya chakula." Tangu siku hiyo ndivyo nifanyavyo.

Nitajuaje saa za maji za siku yangu?

Mamlaka ya Bandari hutoa jedwali la kupwa na kujaa kila mwaka, na programu za simu za maji ya bahari zina Tanga. Njia ya wavuvi ni kuhesabu mwezi: karibu na tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu ni bamvua, karibu na 7 na 22 ni maji mafu. Kilele cha bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kukamilika. Kisha mpigie nahodha umuulize, "Siku hiyo maji yanapwa saa ngapi?" Asiyeweza kujibu swali hilo papo hapo, tafuta mwingine.

Nina siku hiyo hiyo moja na imeangukia maji mafu. Niache?

Usiache, badilisha mpango. Maji mafu yana faida yake: mkondo ni mdogo na maji hayachafuki sana. Utaogelea kutoka chomboni badala ya mchangani, kwa hiyo panga ngazi ya kupandia na maboya ya kutosha. Kama kikundi kina watoto wadogo au wazee, kwao mchanga ndio raha yenyewe, na bamvua ni bora.

## Chombo, nahodha na pesa

Nimtafute nani wa kunipeleka?

Hoteli na nyumba za wageni za Ushongo na Pangani hupanga safari, na wapo manahodha wa kijijini wenye vyombo vyao. Siwezi kukuchagulia, ila kabla ya kupanda angalia mambo haya kwa macho yako: jaketi okozi moja kwa kila mtu, yenye ukubwa wake na yenye vifungo vinavyofunga, simu yenye chaji, au redio, mafuta ya kwenda, kurudi na akiba, kasia au tanga kama injini itazima, na leseni ya chombo. Vyombo vidogo vya abiria vinasimamiwa na TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, kwa hiyo kuuliza leseni si kumkosea mtu adabu.

Jaketi zikiwa zimefungwa chini ya benchi kwa kamba, waombe wazifungue kabla hamjaondoka. Chombo kikianza kuyumba hakuna atakayepata muda wa kufungua fundo.

Ada ya hifadhi ni ya nini, na nalipa wapi?

Maziwe ni eneo tengefu la bahari, na maji ya Tanga kuanzia mlango wa mto Pangani kwenda kaskazini hadi kupita mji ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (samaki wa kale, nitamweleza hapo chini), iliyotangazwa 2009. Yote yako chini ya Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Raia wa Afrika Mashariki hulipa tofauti na mgeni wa nje. Malipo ni kwa kontroli namba, kwa simu au benki, na unapata risiti. Mara nyingi mwenye chombo hukushughulikia. Uliza kama ada imo ndani ya bei aliyokutajia, na uione risiti. Leta kitambulisho, la sivyo utalipishwa kiwango cha mgeni.

Bei ya chombo ni ya kichwa au ya chombo kizima?

Zote zipo. Kijijini kwa kawaida ni chombo kizima, kwa sababu mafuta yanayoungua ni yale yale mkiwa wawili au wanane. Ndiyo maana watu wawili huona bei kubwa. Jiungeni na wengine. Kubalianeni mapema: saa ya kutoka, saa ya kurudi, miwani imo au haimo, chakula kimo au hakimo. Punguza bei kwa heshima, lakini usimpunguze nahodha mpaka apunguze mafuta.

## Kwa wanaoshuka melini

Meli yetu inakaa bandarini kwa muda wa saa nane. Nitawahi kwenda Maziwe na kurudi?

Jibu langu ni hapana, hata kama kuna atakayekuambia ndiyo. Hesabu mwenyewe: kushuka melini na kutoka getini, barabara hadi Pangani, chombo hadi fungu, kisha yote hayo kinyume. Saa sita zimekwisha hujalowa. Tena meli hutaka abiria wawe wamerudi nusu saa hadi saa nzima kabla ya kung'oa nanga, kwa hiyo saa nane zako ni saba.

Siku ya meli nenda Yambe au Karange kwa chombo kutoka mjini, au ukae Raskazone halafu utembee Tanga: majengo ya enzi za Wajerumani, stesheni ya reli, mitaa ya Ngamiani kwa chakula. Maziwe irudie siku utakayolala Pangani.

Nahodha kasema saa kumi, ratiba ya meli inasema 16:00. Ni saa moja au mbili tofauti?

Ni ile ile. Huku saa inahesabiwa tangu jua kuchomoza: saa moja asubuhi ni 7:00, saa nne ni 10:00, saa kumi jioni ni 16:00. Mtego uko kwa mgeni anayesikia "saa kumi" akafikiri ni 10:00 asubuhi, au dereva anayesikia "four o'clock" akaja saa nne asubuhi. Andika zote mbili kwenye karatasi moja, mpe dereva na nahodha wasome mbele yako. Halafu hakikisha saa ya meli haikubadilishwa safarini. Meli zingine hubaki na saa ya bandari iliyopita.

Tukichelewa meli itatungoja?

Safari uliyoipanga kupitia meli yenyewe, kwa kawaida hungoja au hukupangia njia. Uliyoipanga mwenyewe, haingoji. Basi mwambie nahodha saa ya kurudi iliyo saa mbili kabla ya ile ya meli. Usimfiche sababu, mwambie kweli; watu wa baharini wanaielewa hofu ya kuachwa na chombo.

## Ndani ya maji

Miwani inaingiza maji, kisha inajaa ukungu. Nifanyeje?

Ijaribu kabla hujalipa. Iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua. Ikishika yenyewe bila kuanguka, inakufaa. Ikidondoka, chukua nyingine. Nywele zilizonaswa chini ya mpira ni mlango wa maji, na masharubu pia. Mwenye masharubu apake mafuta ya mgando kidogo pale mpira unapokaa. Mkanda usikazwe sana: ukikaza, mpira unapinda na maji yanaingia zaidi, na jioni una alama usoni kama uliyelalia mkeka.

Ukungu dawa yake ni mate. Tema ndani ya kioo kikiwa kikavu, sugua kwa kidole kioo chote mpaka pembeni, suuza mara moja tu kwa maji ya bahari, vaa papo hapo. Wavuvi wa pweza wanafanya hivyo kila siku.

Kwa wanaovaa miwani ya macho: fremu haziingii chini ya miwani ya kuogelea. Zipo zenye vioo vya namba, uliza mapema.

Sijui kuogelea. Nitaona kitu kweli?

Utaona. Chagua siku ya bamvua na maji yaliyopwa, vaa jaketi okozi, anza pale maji yanapokufika kiunoni juu ya mchanga. Piga magoti, ingiza uso, pumua polepole kwa mdomo mpaka moyo utulie. Hatua hii wengi wanairuka kwa aibu, wanakwenda moja kwa moja kwenye kina, wanameza maji, na siku yao inaishia hapo. Ukishatulia, shika boya, na mwongozo akuvute taratibu kando ya mwamba. Nimemwona bibi wa miaka sabini na ushei, hajawahi kuogelea maishani, akikataa kutoka majini kwa sababu alikuwa ameona pono akitafuna tumbawe na alitaka kusikia tena mlio wake. Unasikika kweli, kama mtu anayetafuna bisi pembeni yako.

Watoto waanzie umri gani?

Mtoto anayekubali kuweka uso majini na anayefuata maelekezo, hata wa miaka sita. Tafuta miwani ya kitoto. Ya mtu mzima haitamshika. Mtu mzima mmoja kwa mtoto mmoja, umbali wa mkono, na mtu huyo asiwe anapiga picha.

Nivae nini? Mimi ni mwanamke na sipendi nguo za kuogelea.

Wanawake wengi wa huku huingia na suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu, wengine na vazi la kuogelea la kufunika mwili. Hakuna atakayekushangaa, tena umefanya la busara zaidi, kwa sababu mgongo wa anayelala juu ya maji unaungua kwa nusu saa. Epuka dera na kanga ukiwa majini, zinajaa maji na kufunga miguu. Kanga iwe chomboni, ujifunge unaporudi, maana ufuko wa kijiji ni njia ya watu kwenda msikitini na sokoni.

Nguo ikifunika mwili, mafuta ya kukinga jua unapaka usoni na shingoni tu, na hivyo unamwaga machache kwenye matumbawe. Viatu vya majini vinafaa kwa kukanyaga mchanga na mawe ya pwani. Havikupi ruhusa ya kusimama juu ya tumbawe.

Nitaona samaki gani?

Maji mafupi: kangaja, pono, kikande, tasi, vipepeo wa manjano na weupe, makundi ya wadogo wa buluu wanaoingia na kutoka kwenye matawi ya tumbawe. Ukitulia juu ya tundu unaweza kuona mkunga ametoa kichwa, anafunga na kufungua mdomo. Hakutishi, ndivyo anavyopumua. Pweza yupo mara nyingi kuliko tunavyomwona. Tafuta maganda ya kome na kaa yaliyorundikwa mbele ya shimo. Kasa ni bahati. Pomboo huonekana zaidi njiani, ukiwa chomboni.

Je, nitamwona silikanti, yule samaki wa kale?

Hapana, na anayekuuzia safari ya kumwona silikanti anakudanganya. Wataalamu walidhani jamii yake ilitoweka karibu miaka milioni 66 iliyopita, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kwetu alianza kunaswa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwenye majarife ya papa yaliyoshushwa kina kirefu, hasa maeneo ya Kigombe na Mwarongo. Mchana anakaa kwenye mapango ya kina cha zaidi ya mita 100. Unaogelea juu ya nyumba yake, hapo ndipo pa kuridhika.

Kwa nini sehemu nyingine mwamba umevunjika kama kokoto?

Mara nyingi ni baruti. Tanga iliteseka kwa miaka mingi na uvuvi wa mabomu. Bomu moja linaua samaki wote wa pale, wengi wakizama wasiokotwe, na linageuza tumbawe kuwa vifusi. Vifusi vinabingirika kila wimbi likija, kwa hiyo matumbawe machanga hayapati mahali pa kushika. Shimo la dakika moja linabaki kwa miongo. Sehemu nyingine ni joto: mwaka 1998 maji yalipanda joto na matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi magharibi yalipauka na kufa.

Ukiona tawi jipya limeota juu ya jiwe la zamani, pita mbali nalo. Wanavijiji walifunga miamba yao wenyewe, wakavumilia njaa ya kutovua pale, ili tawi hilo liote.

Nikichoka naweza kusimama juu ya tumbawe?

Usisimame. Geuka chali, jaketi litakubeba, inua mkono chombo kije. Tumbawe ni kiumbe hai, na teke moja la pezi la miguuni linavunja kilichoota kwa miaka. Nalo linakukata, na kidonda cha tumbawe hupona polepole.

## Vinavyouma na vinavyochoma

Nimekanyaga yule mnyama wa baharini, mweusi wa miiba mirefu.

Miiba inakatika ndani ya nyama. Usichimbe kwa sindano. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, maumivu yatapungua. Vipande vidogo vingi huyeyuka vyenyewe. Huku watu hupaka utomvu wa papai bichi. Mwiba ulioingia kwenye kiungo, au mguu ukivimba na kupata homa, nenda hospitali.

Na konyeza (yule mnyama laini kama jeli), taa (samaki bapa mwenye mwiba mkiani), au samaki jiwe?

Konyeza: toka majini, suuza kwa maji ya bahari, siyo ya bomba, ondoa nyuzi kwa kijiti au kadi bila kusugua kwa mchanga. Taa na samaki jiwe ni jambo kubwa: maji ya moto, kama ya kuoga yale makali yasiyounguza, kwa saa moja hadi saa moja na nusu, na wakati huo huo safari ya hospitali imeanza. Mjini ni Bombo. Ndiyo maana napenda chombo kinachobeba chupa ya chai yenye maji ya moto. Unapotembea kwenye maji mafupi buruza miguu, taa akisikia anaondoka.

Mtu akipumua kwa shida au akizirai, usisubiri kuona. Namba ya dharura ni 112.

Nikiwa hedhini, papa watanifuata?

Swali hili wanawake huniuliza kwa sauti ya chini, kwa hiyo nalijibu kwa sauti ya kawaida. Hapana. Ogelea.

## Chakula, adabu na takataka

Tubebe nini cha kula?

Maji ya kunywa kwanza, lita mbili kwa mtu. Maandazi, mayai ya kuchemsha, machungwa ya Muheza. Manahodha wengine hukuchomea samaki mkirudi ufukweni, na hapo ndipo pa kula kwa kutulia. Moto haufai Maziwe. Usilewe kabla ya kuingia majini.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na kwa fungu hili kuna sababu ya ziada: kasa huidhani konyeza na kuila. Beba kikapu. Kilichokwenda kirudi chote, hata maganda.

Naweza kuokota simbi na kauri za ukumbusho?

Kwenye hifadhi hairuhusiwi kuchukua kitu chochote, hai au kikavu. Hata ganda tupu lina mpangaji: kaa duwazi anahamia humo. Magamba ya ng'amba (aina ya kasa) anayokuuzia mtu kichochoroni ni kosa la jinai kuyanunua, na forodha watakukamata nayo.

Ramadhani safari zipo?

Zipo. Nahodha huenda amefunga, basi mle na kunywa kwa staha, na mrudi mapema afike kufuturu na watu wake.

## Hali zisizo za kawaida

Asubuhi ni shwari lakini nahodha amekataa kutoka.

Mshukuru. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi, na yeye ana macho yake pia. Usimtafute mwingine atakayekubali. Nenda mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kaskazini ya mji, au magofu ya Tongoni kwenye njia ya Pangani, yenye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo. Siku haijapotea.

Mkondo umenivuta, chombo kiko nyuma yangu.

Usipigane nao uso kwa uso. Lala chali, inua mkono mmoja, paza sauti, acha chombo kikufuate. Ukiwa na nguvu, ogelea kwa kukata upande. Kinga yake ni kuanza kila mara kwa kwenda kinyume cha mkondo, ili uchovu ukija uwe unarudishwa. Mkondo huwa mdogo pale maji yanapogeuka, na saa za kugeuka utazipata kwenye swali la bamvua.

Tumekuta alama za kasa mchangani, au kasa mchanga mwenyewe. Tufanye nini?

Alama ni kama za tairi la trekta, zinatoka majini na kurudi. Msizikanyage, msichimbe, msichomeke mwamvuli karibu. Mwambieni nahodha apige simu. Kwa kuwa bamvua hufunika fungu na mayai huoza, walinzi wa kasa huyahamishia ufuko wa Ushongo, ambako huanguliwa baada ya takriban siku 60, na wageni hualikwa kushuhudia.

Mkimkuta kasa mchanga anatambaa mchana, msimweke kwenye ndoo na msimbebe hadi majini kwa picha. Simameni pande mbili mumfanyie njia, mfukuzeni kunguru kwa kivuli chenu, mwacheni atembee mwenyewe. Ni mwendo wa dakika kama kumi kwake. Akifikiwa na wimbi la kwanza atarudishwa nyuma kidogo, na la pili, na la tatu, halafu hamtamwona.